Naenda Granada na mama mwanzoni mwa Mei: tule nini, tuone nini bila kukimbizana?

Binti Makorora:
Assalam alaikum, na habari za jioni wakuu. Mimi niko Ujerumani kikazi. Mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Tanga, na nataka nimpeleke Granada, kusini mwa Hispania. Viza ya Schengen imeshatoka, alhamdulillah. Mama ana miaka sitini na kitu, magoti yanamsumbua, nguruwe na pombe hagusi. Anachopenda ni kula vizuri, kukaa na kutazama watu. Ametulea peke yake na hajawahi kwenda mahali kwa ajili ya kupumzika tu, kwa hiyo nataka ipendeze kweli.

Jamaa zangu wa hapa wanasema kwa wiki moja niunganishe Granada, Córdoba na Sevilla. Moyo wangu unanituma tukae mji mmoja. Naombeni ushauri: chakula atapata? Na kile kilima cha Albaicín, mtaa wa kale wa Granada, atakiweza?

Mla Samaki:
Baki Granada dada, usimchoshe mama kwenye vituo vya treni.

Pale ukiagiza kinywaji, hata soda, unaletewa na kisahani cha chakula usichokilipia. Ndiyo tapa yenyewe. Sevilla hiyohiyo utailipia. Ila kisahani anachagua mwenye baa, na mara nyingi kina jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Kwa hiyo unapoagiza tu, sema "sin cerdo", bila nguruwe. Ongeza na "sin jamón", maana wapo wanaotia vipande vya jamón kwenye maharage wakaona ni kiungo tu.

Usiache kumwagizia berenjenas con miel: biringanya zilizokatwa nyembamba, zikakaangwa mpaka zikakauka, kisha zikamiminiwa shira nyeusi ya miwa. Mzile kabla hazijapoa, zikikaa zinalegea. Na remojón pia, saladi ya machungwa, zeituni na bacalao, samaki mkavu wa chumvi. Asubuhi mle tostada: mkate wa kuchoma unaopakwa nyanya iliyokunwa, unamwagiwa mafuta ya zeituni na chumvi kidogo. Mafuta ya kule yana harufu ya majani mabichi, mama atauliza yanauzwa wapi.

Zeituni:
Naongezea kuhusu baa. Hispania baa ni mahali pa familia, bibi na wajukuu wanakula humo. Lakini kama mama hana raha kukaa penye pombe, nendeni mtaa wa Calderería Nueva, chini ya Albaicín. Umejaa nyumba za chai, na maeneo hayo Wamorocco wanauza vyakula vya halali. Chai ya mnanaa na vitamtamu vya lozi, mnakaa hata saa mbili na hakuna wa kuwaharakisha. Kwenye biskuti za Kihispania kama mantecados muwe waangalifu, kwa desturi hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe.

Kuhusu saa za kula: mchana ni kuanzia saa nane hadi saa kumi, kisha majiko mengi yanafungwa, usiku wanaanza saa tatu. Msishindane nao. Mwanzoni mwa Mei jua linazama huko saa tatu na dakika chache, kwa hiyo mama ataswali Magharibi halafu mtatoka kula pamoja na mji mzima. Mchana baada ya chakula, alale.

Mzee wa Nundu:
Mwanangu, Albaicín usimpandishe kwa miguu. Kuna mabasi madogo: C31 kutoka uwanja wa Plaza Nueva linazunguka Albaicín, C30 kutoka Plaza Isabel la Católica linakwenda Alhambra, ile ngome ya kale ya wafalme Waislamu. Pale juu, karibu na uwanja wa San Nicolás, upo Msikiti Mkuu wa Granada uliofunguliwa mwaka 2003. Bustani yake inatazamana na Alhambra, na nyuma yake milima ya Sierra Nevada yenye theluji mpaka Mei. Mama aswali Alasiri hapo, mkae.

Tiketi ya Alhambra nunua sasa hivi, zinaisha mapema sana. Inaandikwa jina, mchukue pasipoti, na ina saa kamili ya kuingia majumba ya Nasrid, walimoishi wafalme hao. Mkichelewa hamwingii. Humo ndani kutani, mstari kwa mstari, imechongwa "wa la ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mama anaisoma Qurani, basi kuta zile atazisoma mwenyewe. Mpe muda. Watu wanakimbilia kupiga picha kwenye ua wa simba kumi na wawili, wanaziacha kuta.

Kipepeo wa Pwani:
Mimi nitawapinga kidogo. Córdoba kwa treni ya haraka ni kama saa moja na nusu, na ile Mezquita, msikiti wa kale ulioanza kujengwa karne ya 8, haina mfano. Nguzo zaidi ya 800, matao mekundu na meupe. Ila umwandae mama: ni kanisa kuu tangu 1236, Waislamu hawaruhusiwi kuswali ndani. Wapo wanaoumia sana wakifika.

Kama mtakuwepo tarehe 3 Mei, Granada wana sikukuu ya misalaba. Viwanja vinapambwa kwa maua, na chini utaona tofaa lililochomekwa mkasi, desturi yao ya kuwakata maneno wanaotia kasoro. Na flamenko, muziki na ngoma yao, ya mapangoni mtaa wa Sacromonte mpeleke, onyesho la mapema. Mpenzi wa taarab ataielewa haraka, ila mwambie hapa hakuna kuinuka kwenda kutunza.

Binti Makorora:
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimeamua: Granada tu. Hilo la kukatazwa kuswali Córdoba naona litamvunja moyo, na safari hii sitaki aumie. Alhambra nimepata nafasi ya saa tatu asubuhi, jua halijawa kali. Mzee, viatu je?

Mzee wa Nundu:
Raba zenye soli nene. Njia za Albaicín ni kokoto zilizopangwa, zinateleza, ndala azivae hotelini. Na koti, mwanangu. Mji uko juu kama mita 700, Mei usiku kuna baridi.