Naomba ushauri: lipu ya nje ya nyumba ya zamani inabanduka kila msimu wa mvua, je, niirudie kwa saruji?

Mwenye uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Ninaishi katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja, ambayo kuta zake ni za mawe yaliyojengwa kwa chokaa na zina unene wa karibu milimita 450. Ukuta mmoja wa nje umenisumbua tangu nilipohamia. Mwaka jana nilibandua lipu yote iliyolegea kuanzia usawa wa ardhi hadi kimo cha kiuno, nikapiga lipu mpya ya saruji na mchanga kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikapaka rangi ya plastiki. Ulipendeza kweli, lakini msimu wa mvua haukwisha kabla rangi haijaanza kuvimba.

Juzi kipande chenye ukubwa wa sinia kilidondoka chenyewe. Nilipokigeuza niliona mgongo wake umeota vinyweleo vyeupe, laini kama pamba, na jiwe lililokuwa nyuma yake limelainika kiasi kwamba nilichimba unga wake kwa kijiko cha chai. Nikigonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, nasikia mlio mtupu hadi karibu na dirisha.

Nina likizo ya wiki mbili na ningependa kuimaliza kazi hii mwenyewe. Nimefikiria kuongeza saruji katika mchanganyiko na kutia dawa ya kuzuia maji. Je, niko sahihi? Juu ya dirisha kuna pia ufa mwembamba unaopanda kwa mshazari. Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwenye uzi, pole kwa usumbufu. Mimi ni mwashi, na nakuomba usiongeze saruji, kwa sababu saruji ndiyo iliyoufikisha ukuta wako hapo.

Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji kidogo mvua inaponyesha na kuyatoa jua linapowaka, nayo lipu ya chokaa huyapitisha bila kuyazuia. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipitishi unyevu kwa urahisi. Jengo la zamani linapocheza kidogo kwa joto na baridi, saruji hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, maji yakapenya humo, na yakishaingia hayana njia ya kutokea ila kupitia kwenye mawe yenyewe. Vile vinyweleo vyeupe ni chumvi ambayo maji yameiyeyusha ndani ya ukuta. Maji yanapokauka nyuma ya lipu, chumvi huganda, chembe zake hukua na kuisukuma lipu kwa nje, na huku nyuma zinalivunja jiwe kuwa unga. Kadiri lipu inavyozidi ugumu, ndivyo jiwe linavyozidi kuumia. Lipu hubadilishwa, jiwe halibadilishwi kirahisi.

Mchangiaji wa pili

Kwa heshima, sikubaliani moja kwa moja na aliyetangulia. Nyumba yangu nimeipiga lipu ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, na kwa miaka mingi sasa sijaona hata doa la unyevu. Huenda tatizo la ndugu yetu ni mchanga mchafu au lipu iliyokaushwa haraka na jua.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, naomba kuuliza: kuta zako ni za nini? Kama ni tofali za saruji juu ya msingi uliowekewa tabaka la kuzuia unyevu, uko sahihi kabisa, na mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo. Saruji ya Portland, yaani hii ya kawaida tunayotumia, ilipewa hataza (haki ya uvumbuzi) nchini Uingereza mwaka 1824, lakini ilichukua muda mrefu sana kuenea, kwa hiyo nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila saruji wala tabaka hilo.

Mchangiaji wa pili

Ni tofali za saruji, kweli. Nimekuelewa, na kwa nyumba ya mawe nauondoa ushauri wangu.

Mchangiaji wa tatu

Naona tunazungumzia lipu kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi. Ndugu mwenye uzi, mvua ikinyesha, chukua mwavuli ukasimame mbele ya ukuta huo kwa robo saa nzima. Tazama mfereji wa paa unamwaga wapi, tazama kama maji yanapita nyuma yake, na tazama matone yakigonga ardhi yanaruka hadi wapi ukutani. Halafu pima ardhi ya nje iko chini ya sakafu ya ndani kwa kiasi gani. Inapaswa kuwa chini kwa angalau milimita 150.

Mwenye uzi

Nawashukuru sana. Mvua ilinyesha jana jioni nami nilisimama nje kama nilivyoelekezwa. Kumbe mfereji umelegea kwenye vishikizo viwili, umeinama kuelekea ukutani, na maji yanateremka kwenye ukuta kama utepe mpana, hasa pale pale kipande kilipodondoka. Zaidi ya hayo, kabla sijahamia mtu alimwaga zege kando ya ukuta ili kupata njia ya kupita, na nilipopima nikakuta zege hilo liko milimita 30 tu chini ya sakafu ya ndani. Miaka yote hii nimekuwa nikitibu lipu.

Mchangiaji wa tatu

Basi likizo yako anza nayo hapo. Kaza mfereji, upe mteremko kuelekea bomba la kushushia maji, na hakikisha bomba hilo halimwagi kwenye msingi. Kata zege kando ya ukuta kwa upana wa milimita 300 hivi, chimbua udongo hadi upate ile tofauti ya 150, kisha jaza kokoto safi ili matone yasirushe tope. Usichimbe chini kupita mwanzo wa msingi.

Mchangiaji wa nne

Naongeza la usalama. Kama chini ya rangi yako kuna rangi ya zamani, ichukulie kuwa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, mpaka ipimwe; Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978 tu, na nyumba ya zamani ina matabaka mengi. Usiikwangue ikiwa kavu wala kuichoma kwa moto. Iloweshe, tandika turubai chini, na watoto wakae mbali. Vilevile, ukikuta mabati ya asbesto (nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu) chini ya paa, usiyatoboe, usiyakate wala kuyafagia. Ngazi nayo iwe na nafasi ya mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo.

Mchangiaji wa kwanza

Maji yakishazuiwa, bandua lipu ya saruji kwa nyundo na tindo, kwa mkono na bila mashine ya kutetemesha. Mahali ambapo saruji imeng'ang'ania kiasi kwamba jiwe linatoka nayo, iache. Piga mswaki chumvi ikiwa kavu na uikusanye ukaitupe mbali, kwa maana ukiiosha kwa maji unairudisha ukutani.

Kisha uwe na subira, na hapa nasikitika kusema kwamba wiki mbili hazitoshi. Waashi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta uliolowa, kwa hiyo ukuta wako unaweza kuchukua hata mwaka mmoja na nusu kukauka kabisa. Si lazima usubiri wote uishe, kwa kuwa lipu ya chokaa itaendelea kupitisha unyevu, lakini uache wazi msimu mzima wa kiangazi.

Wakati wa lipu, changanya kipimo kimoja cha chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji na vitatu vya mchanga safi, wenye chembe kali za ukubwa tofauti. Lowesha ukuta kwanza, piga tabaka lisilozidi milimita 10, likwaruze ili tabaka la pili lishike, na lisubiri siku kadhaa. Chokaa hukomaa kwa kuvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na huhitaji unyevu ili ifanye hivyo, hivyo ning'iniza magunia yaliyoloweshwa mbele yake na uyanyunyizie maji asubuhi na jioni. Vaa miwani ya kazi na glavu, maana chokaa huunguza macho vibaya. Juu yake usipake rangi ya plastiki, bali piga chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Mwanzoni utaona haijafunika kitu, usiiongeze uzito. Itakuwa nyeupe inapokauka.

Mwenye uzi

Nimeandika yote kwenye daftari. Likizo hii nitafanya mfereji, zege na kubandua, lipu nitaiacha hadi kiangazi kiishe. Limebaki la ufa ulio juu ya dirisha: nikiingiza kadi ya benki, inaingia ncha tu.

Mchangiaji wa kwanza

Usiuzibe bado. Chora mistari miwili midogo ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake na uandike tarehe ukutani. Rudia kila mwezi. Usipobadilika hadi siku ya kupiga lipu, ujaze kwa chokaa hiyo hiyo. Ukizidi kupanuka, au ukifika milimita 5, usiuguse mpaka mhandisi wa majengo autazame.