Ekari 12 za visiki Chamwino: nipande miche au nisubiri vichipue?

MwenyeVisiki
Wakuu, habari za jioni. Kuna eneo la ekari 12 huku Chamwino, lina hati ya kimila. Lilikatwa mkaa miaka mingi, sasa vimebaki visiki vya migunga na mikwaju, mipingo michache na vichaka vya kufika kiunoni. Udongo ni mwekundu wenye kichanga, na upande wa chini korongo limeanza. Mbuzi wa jirani wanaingia, na kila Agosti moto unapita. Lengo ni kuni, nguzo na asali. Ning'oe vichaka nipande mikaratusi, au msitu huu uliopo unaweza kufufuka?

PangaKali
Using'oe kitu. Hivyo unavyoviita vichaka ni miti yenye mizizi ya zamani. Inakatwa na kuliwa kila mwaka ndiyo maana hainyanyuki. Mche wa kununua unaanza na kamzizi ka shubiri moja, mvua yetu ni milimita 550 hadi 600, halafu kiangazi miezi saba. Kisiki tayari kina mzizi kule chini kwenye unyevu. Njia yenyewe ndiyo Kisiki Hai, vijiji vingi vya Dodoma vinaitumia.

Fanya Septemba hadi Novemba, kabla mvua haijashika. Inama kwenye kisiki kimoja: utakuta machipukizi 10, hata 20, yamesongamana. Tazama kila moja linatokea wapi. Lililotoka chini, usawa wa udongo, limeshika. Lililotoka juu kwenye ukingo uliooza litabanduka likishanenepa. Bakiza 3 hadi 5 yaliyonyooka na kuachana, mengine ondoa. Kwenye uliyobakiza pogolea matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu, usizidi hapo, majani ndiyo yanayolisha mzizi. Panga liwe kali na ukate kutoka chini kwenda juu. Ukikata kwa kushusha, tawi linachanika na ganda lake, na kwenye kidonda hicho ndipo wadudu wanapoingilia. Funga kitambaa chenye rangi ili mkata kuni ajue mti una mwenyewe.

Kosa kubwa ni kubakiza chipukizi moja mwaka wa kwanza. Mbuzi akilikata, umerudi mwanzo. Shusha hadi 2 mwaka wa pili, kisha 1 mwaka wa tatu kama unataka nguzo. Za kuni ziache 2 au 3. Kosa jingine ni kupogolea mara moja ukaenda zako: mvua ikianza kisiki kinachipua upya, kwa hiyo rudi baada ya miezi miwili uyatoe.

Miiba usiichome. Irundike kuzunguka kisiki, mbuzi ataitazama tu.

MamaKaranga
Nizungumzie moto. Ekari 12 zikiwa mraba, kila upande ni kama mita 220, mzunguko mita 880. Barabara ya moto, yaani ukanda mtupu wa kuzuia moto, ya upana wa mita 6 inakula karibu ekari 1.3. Watu wakiona hivyo wanafyeka mita 2, na upepo wa Agosti unaruka hapo bila shida.

Huo ukanda upande karanga. Karanga zinang'olewa na shina lake, kwa hiyo ukishavuna ardhi inabaki tupu na hujalipa mfyekaji. Mtama na uwele usiweke pale, mabua yake ni kuni. Pasipolimika, parua kwa jembe mpaka udongo uonekane, na iwe tayari Juni. Kufyeka ukaacha majani palepale ni kuutandikia moto mkeka. Ila upande wa korongo usichimbue kabisa: kata majani, yatoe nje, mizizi ibaki imeshika udongo.

MfugajiBahi
Mama Karanga umemaliza. Mimi nipingane kidogo na wanaosema mifugo isikanyage milele. Mbuzi, sawa, wakae nje mpaka vichwa vya machipukizi vipite mita 2, maana mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma. Lakini eneo lisilochungwa kabisa linajaa nyasi, na moto ukizikuta unawaka kwa urefu na kuua hata mti uliokwisha pona. Kuanzia mwaka wa tatu ingiza ng'ombe wachache mwezi Mei, siku chache, wapunguze nyasi. Kabla ya hapo mkatie jirani nyasi au umwachie akate mwenyewe, kwa masharti mbuzi wabaki kwake. Muandikishane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

PangaKali
Naafiki, ila si Machi. Udongo ukiwa umelowa kwato zinaushindilia, maji hayazami tena.

MwenyeVisiki
Shukrani sana. Korongo je? Na ile mipingo naruhusiwa kuivuna?

MzingaJuu
Korongo usilifukie kwa udongo, mvua moja tu itaubeba. Anzia juu maji yanakotoka: chimba makinga maji yenye umbo la nusu mwezi, udongo uuweke upande wa chini, ncha zielekee mlimani. Mstari wa pili upishane na wa kwanza kama matofali. Ndani ya korongo panga vizuizi vya mawe, katikati pawe chini kuliko kingo. Watu wengi wanapanga mawe usawa mmoja, maji yanazunguka pembeni na korongo linatanuka.

Mpingo ni mti uliohifadhiwa. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 unahitaji kibali hata ukiwa kwenye ardhi yako. Anza kwa afisa misitu wa wilaya, na umuulize hapohapo habari ya hati ya kusafirishia kuni na nguzo, usije ukakwama kwenye kizuizi cha barabarani na mzigo halali.

Mizinga itundike kwa waya uliopakwa grisi, sisimizi wasipande. Weka beseni la maji lenye vijiti vya kutulia, kiangazi ndicho kinachowahamisha nyuki. Na uitundike upande ule wanakopitia wakata kuni.

MwenyeVisiki
Hahaa, hapo mwisho nimekuelewa.