Spana zenye mkono uliopindwa, zina maana au urembo tu?

gereji_ngamiani: Wakuu habari za jioni. Niko Tanga hapa Ngamiani, juzi dukani nimekuta spana zile za ringi huku flati (mdomo wazi) huku, ila mkono umepindwa katikati kama mtu kakamua nguo, ukishika ubapa ndo unakaa kiganjani sio ule ukingo. Bei karibu mara mbili ya kawaida. Nauliza kwa sababu jumamosi nilikuwa nafungua nati za manifodi (mabomba ya hewa na moshi ya injini) kwenye pikapu ya kubeba samaki, chumvi imekula mpaka zimeota magamba, spana yangu ya milimita 14 ikanichora mstari kiganjani hadi leo kufinyanga tonge la ugali ni shughuli. Zinasaidia kweli au naenda kutupa hela?

Kipara: Zinasaidia mkono ila nguvu haziongezi mkuu. Nguvu ni urefu, spana ya sm 30 inakupa nusu zaidi ya ile ya sm 20 kwa mvuto uleule, iwe imepindwa iwe imenyooka. Faida yake unavuta bila kuogopa kuumia basi. Sasa ubaya wake, nati ikigoma sisi si tunachomeka kipande cha bomba (najua hairuhusiwi, tusidanganyane), kwenye hiyo bomba linakaa upande. Na sehemu finyu ambapo spana inatakiwa ilale, hiyo hailali. Chukua moja tu ya 14, seti nzima ya nini.

fundi_boti: Niko Bagamoyo, kwa upande wangu maumbo ya ajabu yananilisha aisee. Sio hizo za kupinda, zile za nusu mwezi. Kuna bolti ya stata (mota ya kuwashia) imejificha nyuma ya injini, spana iliyonyooka inacheza kidogo tu inagonga bloku, nusu mwezi inaizunguka unamaliza. Ila msijitengenezee!! Mimi nilipasha 13 yangu kwa gesi nikaikunja, siku ya kwanza safi, ya tatu mdomo ukaachama kama changu aliyetolewa majini, moto ulishaua ugumu wa chuma.

mzee wa 19: Vijana mna mambo, spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo) moja na nyundo nimesomesha watoto 😂

Kipara: @mzee wa 19 shikamoo mzee, ndo maana nati za Tanga nzima zimekuwa duara 😂 @gereji_ngamiani kabla hujanunua spana yoyote ya sehemu finyu, flati uwe unaigeuza chini juu kila ukivuta, ule mdomo umekaa nyuzi 15 makusudi, ukigeuza hivyo nafasi ya nyuzi 30 inatosha kwa nati ya kona sita. Vijana wengi hawajui hii wanakimbilia racheti.

gereji_ngamiani: Kumbe!! Miaka saba naona ule mdomo umekaa upande nilidhani ni ufyatuaji mbovu. Basi kesho nachukua 14 peke yake, na glavu, maana pikapu bado ina nati mbili hazijatoka na mwenyewe anataka kuwahi samaki alfajiri.