Tupeane uzoefu: kufanya msumeno wa meza uteleze vizuri

Fundi Kavu
Wakuu, tukusanye hapa mbinu za kulainisha meza, fensi (ukuta wa kuegemeza mbao inapopasuliwa), geji ya pembe (kiongozi cha kukatia pembe, fimbo yake huteleza kwenye mfereji wa meza) na gia za kuinua na kulaza diski ya msumeno. Naanza na hili: popote vumbi la mbao linapofika, usipake mafuta mabichi. Oili na grisi hunasa vumbi, linageuka uji mzito, na uji huo ukikauka gia hukaza kuliko mwanzo. Tumia kilainishi kikavu: nta ngumu ya kopo, grafiti au spreyi ya PTFE (tefloni). Na chomoa plagi kabisa kabla ya kuingiza mkono. Kuzima swichi hakutoshi.

Msasa 400
Kwa meza ya chuma cha kusubu, ondoa utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Kama kuna kutu, funga msasa wa maji namba 400 kwenye kipande cha ubao kilichonyooka, weka matone ya oili nyepesi, sugua meza nzima kwa mwelekeo mmoja. Ukisugua sehemu moja kwa kidole utachimba bonde. Pangusa mpaka kitambaa kitoke kisafi, ndipo upake nta nyembamba sana. Subiri kama dakika 10 ififie, kisha ing'arishe. Ukigusa na alama ya kidole ikabaki, umepaka nyingi.

Polishi ya gari yenye silikoni iacheni, tafadhali. Inahamia kwenye mbao, na vanishi ukiipaka inajikunja na kuacha vishimo.

Randa
Naongezea: meza ya alumini haishiki kutu, lakini inaacha michirizi ya kijivu kwenye mbao nyeupe. Nta inazuia hilo pia.

Mzee wa Gia
Gurudumu la kuinulia likiwa gumu, kwanza hakikisha kitasa cha kufungia kimelegezwa mpaka mwisho. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Kama bado ni gumu, vuta vumbi, kisha chokonoa meno ya gia na skrubu ndefu kwa mswaki wenye mafuta ya taa. Laza diski hadi nyuzi 45 ili ufikie upande wa pili, halafu rudisha. Acha pakauke na harufu iishe kabla ya kuwasha mota, maana mvuke huo unashika moto. Paka nta kwa mswaki mkavu, zungusha gurudumu toka mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, futa inayozidi. Mkanda na puli usiziguse na nta: mkanda utateleza na diski itakosa nguvu.

Fensi Nyoofu
Kwenye reli, paka nta pale fensi inapoteleza tu. Uso unaobanwa na kufuli uache mkavu, la sivyo fensi itasogea katikati ya kazi. Baada ya kupaka, funga kufuli na usukume mkia wa fensi (ncha ya nyuma) kwa mkono. Ukisogea, pangusa nta.

Fensi inayokwama sio lazima iwe chafu. Isukume karibu na kichwa, kwenye reli ya mbele. Ukishika mkia inakaa mshazari na kujibana. Angalia pia vipande vya plastiki vya kutelezea kama vimelika. Halafu pima umbali toka mfereji wa geji hadi fensi, mbele na nyuma. Nyuma pakiwa pembamba kuliko mbele, mbao inabanwa kwenye diski na kurushwa kwako. Hapo nta haisaidii kitu.

Mfereji 19
Mfereji wa kawaida una upana wa milimita 19 hivi na kina kama 9.5. Fimbo ya geji ikibana, ipake wino wa kalamu nene ubavuni, itelezeshe, uone wino ulipofutika: hapo ndipo pa kupiga tupa kidogokidogo. Ikicheza, gonga vidoa kwa sentapanchi (chuma chenye ncha cha kugongea alama) ubavuni, kimoja juu kimoja chini, kisha punguza kwa tupa hadi ikae sawa.

Reli ya mbao ya sledi (ubao unaobeba kazi na kuteleza juu ya meza) hukaza sana pale skrubu zilipoingia, kwa sababu skrubu hupanua mbao pembeni. Toboa kwanza. Iache fupi milimita 1 kuliko kina cha mfereji, isikanyage vumbi lililo chini.

Mgeni
Vipi WD-40?

Mzee wa Gia
Inafaa kulegeza kilichoganda. Ikishafanya kazi ipanguse yote, halafu weka nta.