Kijilango cha paka: nitoboe mlango wa jikoni, ukuta au dirisha?

MamaNeema_Kinyerezi

Wadau, habari za Jumapili. Naombeni ushauri wa wenye paka, na kama kuna fundi humu asipite kimya.

Nina paka jike anaitwa Kashata, mwaka mmoja na miezi minne. Nimempima kwenye mzani wa jikoni akiwa ndani ya beseni, kilo 3.4. Mimi na baba Neema tunatoka saa 11 na nusu alfajiri kuwahi foleni na kurudi ni saa 2 usiku. Sasa Kashata haja yake lazima akaifukie nje, chini ya mgomba. Beseni la mchanga nimemwekea, analinusa tu na kuondoka. Kwa hiyo amejitengenezea njia: amechana wavu wa dirisha la jikoni, kona ya chini kushoto. Mwanzoni kilipita kichwa, siku hizi unapita mwili mzima. Nimeushona mara mbili kwa uzi mnene wa jinzi, naye akachana pembeni ya mshono.

Masika ilipoanza mbu wakaingilia hapo hapo. Neema ameumwa malaria mwezi wa 4, akarudia mwezi wa 5. Sisemi ni tundu lile peke yake, na chandarua analala nacho, lakini mtoto anafanyia kazi za shule pale jikoni mpaka saa 3 usiku na miguu yake imejaa vipele. Inaniuma kila nikiiangalia.

Tena kuna dume moja la jirani, jeupe, sikio limechanika, nalo limeijua njia. Linamaliza chakula cha Kashata, na wiki iliyopita limekojolea gunia la mchele. Kilo 8 tumemwaga.

Nimeona picha za vile vijilango vidogo ambavyo paka anasukuma kwa kichwa, kikijirudisha chenyewe. Nakitaka. Tatizo ni kwamba jikoni kwangu kuna milango miwili: wa ndani ni wa flashi, wa nje ni grili ya chuma yenye wavu uliochomelewa. Baba Neema anasema tundu la paka ndilo tundu la mkono wa mwizi. Simlaumu, mwaka jana tulivutiwa sufuria kwa kijiti kupitia dirishani.

Nitoboe wapi? Kwa ukubwa gani, kimo gani kutoka chini? Na paka wa umri huu atajifunza kweli?

Babu_wa_Ukonga

Mwanangu, sisi tulikua na paka nyumbani na hatukuwahi kumfungulia mlango. Nyumba zilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa, paka anapanda, anapita juu ya boriti, anashuka. Nyinyi mmeziba kwa dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu. Umefanya vizuri kumfikiria. Mpe njia yake.

SeremalaKeko

Dada, pole na mchele, na pole zaidi na mtoto. Mimi ni seremala, niko Keko mwaka wa 17 huu. Vijilango vya paka nimetengeneza 11, na vinne kati ya hivyo niliitwa baada ya fundi mwingine kuharibu. Kwa hiyo nianze na vinavyoharibika.

Mlango wa flashi ni sanduku. Pembeni kuna fremu nyembamba, pale kinapokaa kitasa kuna kipande cha mbao ngumu, na kwingine kote ndani ni makaratasi yaliyopangwa kama masega ya nyuki, au hewa tupu. Ukikata tundu unabaki na ngozi mbili za plaiwudi na uwazi katikati. Fundi asiyejua anafunga kijilango hapo hapo na kukaza skrubu. Ngozi zinabonyea, kijilango kinakaa upande, maji ya kudekia yanaingia, na masika ikiisha plaiwudi imefumuka tabaka tabaka kama chapati. Nimeuona mlango mmoja Mbezi, ukiushika pale chini unachanika kwa kidole.

Anayetaka kutoboa flashi afanye hivi: akishakata, apime ule uwazi kati ya ngozi mbili (milango mingi ni milimita 28 hadi 30), akate vipande vinne vya mbao vya unene huo, avipake gundi ya mbao, avisukumize ndani kuzunguka tundu, abane kwa klampu usiku mzima. Kesho yake msasa, vanishi kwenye kingo zote, ndipo afunge kijilango. Na asisogelee ukingo wowote wa mlango kwa chini ya sentimita 10, fremu inayoushikilia mlango iko hapo.

Kimo. Watu wanapima kwa macho na ndiyo maana wanakosea. Msubiri Kashata akiwa amesimama anakula, pima kutoka sakafuni hadi tumboni. Paka wa kilo 3.4 atacheza kwenye sentimita 12 au 13. Ukingo wa chini wa tundu uwe hapo. Halafu toka nje ukapime tena! Nyumba nyingi za hapa mlango wa jikoni nje una ngazi ya sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo 12 za ndani zinakuwa 30 za nje. Kutoka atatoka, kurudi ndiyo kazi, hasa akizeeka au akiwa na mimba. Laza tofali la inchi 6 hapo nje, litatosha kuwa ngazi yake.

Kuhusu mwizi, baba Neema ana haki. Mkono wa mtu mzima ukiingia hadi begani unafika kama sentimita 70. Mlango mwingi una komeo la chini, na mimi nimekuta kijilango kimewekwa sentimita 15 kutoka kwenye komeo hilo. Hapo umemkabidhi mtu funguo.

Ila kwa nyumba yako mimi nisingegusa mlango kabisa. Ukitoboa flashi, paka atakwama kati yake na grili, itabidi ukate na wavu wa chuma, umwite fundi wa kuchomelea, matundu mawili yalingane. Ukuta unawezekana, lakini tofali likishakatwa halirudi, na ndani ya plasta kuna mabomba ya nyaya. Dirisha la kuslaidi ndiyo jibu lako. Tengeneza ubao wima wa plaiwudi ya milimita 12, ile ya kuvumilia maji, upana sentimita 22, urefu sawasawa na reli ya juu hadi ya chini. Unausimamisha kwenye reli ya wavu, upande mmoja, halafu wavu unauvuta mpaka ubanane nao. Katikati unaziba kwa utepe wa tyubu ya baiskeli ili mbu asipate upenyo. Kioo nacho unakiacha wazi upana huo huo na kuweka kijiti ndani ya reli kisislaidi zaidi. Hakuna ulichotoboa isipokuwa ubao, na nondo za nje zipo pale pale. Pima tu nafasi ya nondo: sentimita 10 Kashata anapita bila shida.

Kijilango chenyewe, upana 15 na urefu 17 vinamtosha. Madume makubwa ndiyo nawapa 18 kwa 20. Mimi natumia plastiki ngumu angavu ya milimita 3, bawaba juu, na chini naweka sumaku. Ipo ndani ya ule mpira wa mlango wa friji bovu, unauchana inatoka kama utepe. Inavuta kijilango kikae sawa, upepo usikipigepige usiku. Angavu ni muhimu, paka hapendi kuingiza kichwa mahali asipopaona.

MamaNeema_Kinyerezi

Fundi, Mungu akubariki, nimesoma mara tatu. Tatizo dirisha la jikoni liko juu ya sinki, na sitaki miguu iliyotoka kufukia ikanyage vyombo. Lakini stoo kuna dirisha kama hilo hilo, dogo, usawa wa kifua, na mlango wa stoo unaelekea jikoni. Hilo je? Na yule dume nitamzuiaje, maana kinachompitisha Kashata kinampitisha na yeye?

SeremalaKeko

Stoo ni bora zaidi. Kimo cha mita 1 paka anaruka bila kufikiria, mwekee tu kibao cha kutua ndani, sentimita 30, usikipake rangi ya kuteleza. Mchele hamishia kwenye pipa lenye kifuniko. Dume kwa ukubwa wa tundu humzuii. Hapo waseme wenye vya umeme.

Mndengereko_Leicester

Habari ya huko nyumbani. Niko Uingereza tangu 2011, na huku karibu kila mtaa una mlango wenye kijilango. Mimi mwenyewe nimepitia aina tatu.

Cha kwanza kilikuwa cha kawaida, na mapaka ya mtaa mzima yakaja kula. Cha pili cha sumaku: paka anavaa kola yenye sumaku ndogo, akisogea kufuli inaachia. Kinazuia wageni kiasi, lakini kola ile inaokota kila cha chuma. Mzee wangu Simba alikuwa anarudi na misumari midogo shingoni, siku moja amenasa kwenye mguu wa meza, analia mpaka majirani wamesikia. Nilimtoa kola siku ile ile na hakuivaa tena.

Cha tatu kinasoma chipu. Daktari wa mifugo anamdunga paka chipu ndogo kama punje ya mchele chini ya ngozi, kati ya mabega, ina namba ya tarakimu 15. Kijilango kinaisoma namba akiingiza kichwa, kikiijua kinafunguka, kisipoijua kinabaki kimefungwa. Kinatumia betri nne za kawaida, zinakaa miezi. Huku England chipu kwa paka imekuwa lazima kisheria tangu 10 Juni 2024, faini ni hadi pauni 500, kwa hiyo wengi tayari wanayo.

Dada, ukienda njia hiyo angalia jambo moja: chuma kinasumbua usomaji wa chipu. Rafiki yangu alikifunga kwenye mlango wa bati, paka akawa anasimama mbele yake kama mgeni. Ubao wa fundi utakufaa hapo, mradi kijilango kisigusane na nondo. Na usikubali mtu akutobolee kioo. Kioo kilichopikwa kuwa kigumu hakitobolewi, kinapasuka chote vipande vidogo. Inabidi kiagizwe upya kikiwa na tundu lake tangu kiwandani.

Kabla hujatumia hela hiyo, jaribu kwanza kumfunga Kashata kizazi. Dume halifuati chakula tu. Na paka anayetoka nje achanjwe kichaa cha mbwa, hilo usiliache kabisa.

Bi_Rukia_Kibokoni

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. La kumfundisha niachie mimi, nimefundisha wanne.

Usimsukume. Ukimsukuma kichwa mara moja tu pale, hapataki tena mwezi mzima. Siku tatu za kwanza kijilango kiinue kabisa, ukibane kwa kibanio cha nguo. Awe anaona tundu tu. Muweke ndani, wewe kaa nje na kichwa cha samaki, umwite kwa sauti yako ya kila siku. Siku ya nne shusha nusu, kiwe kinamgusa mgongo anapopita. Siku ya saba kishushe chote, lakini kishikilie kwa kidole kidogo, aanze yeye kukisukuma wewe umalizie. Wangu mmoja alichukua siku tisa, mwengine alikuwa keshajua siku ya pili. Na siku hizo hizo ziba kabisa tundu lake la zamani. Akiwa na njia mbili atatumia anayoijua.

MamaNeema_Kinyerezi

Wadau, narudi na majibu, wiki ya tatu leo.

Fundi wa mtaani kwetu nilimwonyesha maelezo ya SeremalaKeko kwenye simu, akafuata neno kwa neno. Plaiwudi alipata kipande kilichobaki dukani, tyubu ya baiskeli bure, sumaku tumeichana kwenye friji ya jirani iliyokuwa imelala nje. Pamoja na ufundi nimetoa 38,000. Alikosea kitu kimoja: alikata ubao ukiwa mfupi kwa milimita 4, ukawa unatikisika kwenye reli. Tumeweka utepe wa tyubu na juu pia, umekaa. Wavu wa jikoni tumebadilisha wote.

Kashata siku tano za kwanza alienda kukaa kwenye dirisha la jikoni, anagusa wavu mpya kwa ukucha mmoja na kunitazama. Moyo uliniuma, nusura nimfungulie. Siku ya sita nilikaa nje ya stoo kwenye ndoo na kichwa cha changu, Neema amekishika kijilango kwa ndani kama Bi Rukia alivyosema. Ulitangulia mguu wa kushoto, ukapapasa hewa. Kisha pua, masharubu yamelala nyuma, plastiki ikampanda taratibu kwenye paji la uso mpaka mgongoni. Mkia ulipomaliza kupita kijilango kikagonga *tak*, akageuka kukiangalia. Neema alipiga kelele stoo nzima.

Dume jeupe limekuja mara mbili. Tumeongeza kijikomeo cha ndani, usiku saa 4 Kashata akishaingia tunafunga, saa 11 tunafungua. Mchana bado linaingia, nimeliona jana. Kashata nampeleka kufungwa kizazi na kuchanjwa Jumamosi, kisha ndiyo tutazungumza na baba Neema habari ya chipu. Komeo amelifunga yeye mwenyewe kwa mkono wake, na sasa ndiye anayeuliza kila usiku kama Kashata ameshaingia.

Fundi, swali la mwisho: ule utepe wa tyubu unadumu muda gani kabla haujakakamaa?

SeremalaKeko

Hongera sana dada. Dirisha likipigwa na jua la mchana, badilisha kila mwaka. Likiwa upande wa kivuli, miaka miwili. Bonyeza kwa kidole kila mwezi, ukiona unapasuka vimistari, ondoa.