Kubadili chanzo cha volteji kuwa cha mkondo: mbona wati hazilingani?

mwanafunzi_umeme
Habari wakuu. Chanzo cha volti 18 kimefuatana na R1 ya omu 6 hadi nukta A. Chanzo cha mkondo cha ampea 2 nacho kinasukuma kuelekea A kupitia R3 ya omu 5. Kutoka A kwenda ardhi kuna R2 ya omu 3, na sambamba nayo mzigo wa omu 3. Nimegeuza volti 18 na R1 kuwa ampea 3 sambamba na omu 6, mzigo ukapata ampea 2 kama jibu la mwalimu. Ila nguvu inayopotea kwenye R1 mimi napata wati 6, yeye kaandika 24! Halafu R3 hajaigusa kabisa. Kwa nini?

fundi_sola
Mdogo wangu, mzigo umeupata sawa. Ampea 3 na 2 ni 5. Omu 6 sambamba na 3 ni 2. Kwa hiyo, kabla ya mzigo, ni volti 10 (5 mara 2) zikifuatana na omu 2. Ukifunga mzigo, A inakaa volti 6.

Sasa rudi na hizo volti 6 kwenye mchoro wa mwanzo. R1 ina 18 huku na 6 kule: tofauti 12, ampea 2, wati 24. Kwenye mchoro wako mpya, omu 6 iko kati ya A na ardhi, inaona volti 6 tu. Thamani ni ya R1, lakini R1 yenyewe haipo tena pale.

Mageuzi haya yanalinda kilicho nje ya ncha mbili, basi. Chukua betri ya gari yenye volti 12.6 na ukinzani wa ndani wa omu 0.02. Kwa karatasi ni sawa na ampea 630 sambamba na omu 0.02. Ungeamini mchoro huo hadi ndani, betri iliyokaa rafuni bila waya ingekuwa inachoma karibu wati 8,000! Vijana ninaofanya nao kazi nawaambia kila mara: ukitaka joto la kifaa fulani, usikimeze kwenye mageuzi. Tafuta volteji ya ncha, kisha rudi kwenye saketi halisi.

dada_maabara
Nijazie kuhusu R3. Chanzo cha mkondo kinatoa ampea 2 uweke omu 5 au 500, kwa hiyo A haioni tofauti. Kinachoumia kwa R3 ni chanzo chenyewe: lazima kifikishe volti 16, yaani 6 za A na 10 za R3. Usiifute unapokagua nguvu. Vyanzo vinatoa wati 36 na 32, jumla 68. R1 inakula 24, R3 20, R2 12, mzigo 12. Zimetimia. Vivyo hivyo rezista iliyo sambamba na chanzo cha volteji: mzigo hauijui, chanzo kinaijua.

mwanafunzi_umeme
Asanteni sana, hiyo ya 68 imenifungua. Na chanzo tegemezi, kile kinachoendeshwa na mkondo au volteji ya sehemu nyingine ya saketi, naweza kukigeuza hivi hivi?

fundi_sola
Unaweza, mradi kiwe na rezista yake. Ila mkondo au volteji inayokiendesha ibaki inaonekana kwenye mchoro. Kama kinaendeshwa na mkondo wa R1, basi R1 usiiguse mpaka uandike mlinganyo wake.