Mdogo wangu aliungua uso. Nimwoneshe filamu hii?

BintiMasasi:
Habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa walioungua au wanaoishi na mtu aliyeungua.

Mdogo wangu alilipukiwa na jiko la mafuta ya taa akiwa darasa la sita: shavu la kushoto, sikio na shingo. Sasa kamaliza kidato cha nne, ana akili sana, ila hapigi picha. Ametimiza miaka 18 na kitambulisho cha NIDA hana, kwa kuwa hataki kukaa mbele ya kamera bila mtandio.

Juzi nimeangalia Dirty God ya 2019. Jade, binti wa London, kamwagiwa tindikali na mpenzi wake wa zamani. Yale makovu si ya kupaka. Aliyeigiza, Vicky Knight, aliungua kwa moto akiwa na miaka 8. Kuna pahala mtoto wa Jade anamwogopa mama yake, ikabidi nisimamishe kwanza. Mama anasema nitamtonesha mdogo wangu. Mimi naona amechoka kuonewa huruma. Nataka amwone mwenzake akikasirika, akicheza muziki, akitaka kupendwa. Mnasemaje?

Mvuvi_Kivinje:
Dada, mimi moto wa petroli ulinikuta ndani ya boti. Maumivu yalikwisha, shida ikaanza: watu waliacha kunitania. Kwetu mtani akikaa kimya mbele yako, ujue amekwisha kukuzika. Nilikuwa naenda pwani gizani, narudi gizani. Aliyenitoa ni mtani wangu mmoja, alinisimamisha mnadani mbele ya watu, akanidai samaki wake, akanitukana mpaka na babu yangu. Watu wakacheka, nami nikamjibu. Siku hiyo nikauza samaki kwa jina langu, si "yule aliyeungua". Filamu mwoneshe, lakini kwanza angalia nani nyumbani bado anamtania.

Nesi_Mstaafu:
Mvuvi kasema kweli. Katika Vita vya Pili vya Dunia, daktari McIndoe alitibu marubani walioungua nyuso huko East Grinstead, Uingereza. Aliwapandikiza ngozi, na pia akawaomba wenyeji wa mji wawakaribishe na wasiwakodolee macho. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe wakaunda chama chao.

Sasa mwanangu, nikuulize: shingo inageuka? Kovu la shingo hukaza likavuta kidevu. Hata baada ya miaka kuna upasuaji wa kulilegeza. Mpeleke hospitali ya Ndanda wamwone. Kwenye filamu, Jade anatuma pesa Moroko kwa upasuaji alioukuta mtandaoni, anatapeliwa. Kipande hicho asikiangalie peke yake.

Mikindani_Boy:
Ina matukio ya chumbani. Usiiweke mama akiwa sebuleni.

BintiMasasi:
Shikamoo mama Nesi, na asante kaka Mvuvi. Nilimsimulia mdogo wangu hadithi yote ya filamu, naye akauliza swali moja tu: "Ni yake kweli, au wamempaka?" Nikamwambia ni yake. Akasema tuangalie Jumamosi. Mama hajakubali, ila hajakataza tena. Shingo nimemwomba aigeuze, upande wa kushoto inagoma. Ndanda tutaenda malipo ya korosho yakitoka, picha ya NIDA tumeiacha kwanza, ataamua mwenyewe. Mwenye nakala yenye maandishi ya Kiswahili anisaidie, maana Kiingereza chao kinakwenda mbio na sitaki nikae namtafsiria kila neno.